Waya Nne za Dhahabu

Jengo la simu halijawahi kuwa na Jumamosi ya kupumua. Ghorofa ya chini kabisa, kule ambako mwanga wa jua huletwa na wateja kwenye nguo zao, vibanda vimebanana bega kwa bega. Huyu anauza chaja, yule anauza spika, wa tatu anauza maneno matupu na ndiye mwenye wateja wengi. Asubuhi ile muuza spika alikuwa ameamua kuonyesha ubora wa bidhaa yake kwa kuwapasua watu masikio, na watu, badala ya kukimbia, wakajazana kumtazama.

Katikati ya msongamano huo alikuwa anakuja mwanamke mwenye gauni la rangi ya haradali lenye mifuko mikubwa, raba miguuni, na saa ya kiume inayomteleza mkononi. Kifuani amekumbatia kiboksi cha plastiki kidogo kama cha pete, kwa mikono miwili, utadhani amebeba yai la mwisho duniani. Bwana mmoja aliyejitwika runinga akamgonga bega. Kiboksi kikaruka.

Kikatua kwenye kiganja cha fundi Pumzi.

Pumzi hakuinua hata uso. Jicho lilikuwa bado kwenye hadubini, mkono wa kulia bado umeshika kibano. Ni ule wa kushoto uliotoka wenyewe, kama una akili zake, ukadaka na kutulia hewani.

"Chako?" akauliza.

"Usikitikise!"

"Nisikitikise mimi? Aliyekirusha ni nani?"

Mwanamke alipokea kiboksi chake, akachungulia ndani, akashusha pumzi. Kisha, badala ya kushukuru na kwenda zake, akasimama kuitazama ile mikono. Pumzi alikuwa anarudisha kijiwaya kwenye ubao wa simu, kijiwaya ambacho kwa macho matupu hakipo. Mkono hautetemeki. Kifua hakipandi wala hakishuki.

"Mbona hapumui?" akauliza kwa hofu.

"Ndiyo jina lake hilo, Pumzi," akajibu mama mnene wa kibanda cha mbele, aliyezungukwa na makava ya simu ya kila rangi. "Akishika kibano anaacha kupumua. Mimi dada yake mkubwa nimeshamwambia, siku moja tutamzika na skrubu ya simu mkononi. Karibu kava, mwanangu."

Simu ikaita mezani kwa Pumzi. Ikaita, ikachoka, ikanyamaza.

"Na hiyo hapokei?"

"Kazi ikiwa wazi mezani hapokei. Fundi wa simu asiyepokea simu! Mke alikwenda kumsalimia shangazi yake, salamu hizo mwaka wa saba huu hazijaisha, talaka ikaombwa kwa barua. Angepokea simu labda angeambiwa mapema."

"Dada!" Pumzi akasema, na hapo akapumua.

Ndipo akamtazama mgeni vizuri. Uso wa mtu asiyelala vya kutosha, na macho yanayouliza swali hata yakinyamaza.

"Humo ndani mna nini? Pete?"

"Jiwe."

"La thamani?"

"Kwangu mimi." Akavuta kigoda bila kukaribishwa. "Nafanya kazi maabara ya chuo, kule juu. Ni fuwele, nyembamba sana. Nataka iunganishwe waya nne za dhahabu, nyembamba kuliko unywele, kwa gundi ya fedha. Fundi wetu amestaafu. Nimejaribu mwenyewe, nimevunja vipande kumi na kimoja. Mikono yangu," akainyoosha, ikatetemeka, "inajua kuandika tu."

"Wewe ni daktari?" dada mkubwa akadakia. "Mgongo wangu huu—"

"Si daktari wa dawa, mama. Wa mawe."

"Basi mgongo wangu ni jiwe, uangalie."

Pumzi alicheka, na dada yake akageuka kumtazama, maana kicheko hicho alikuwa hajakisikia muda mrefu. Akafuta meza, akabadilisha kioo cha hadubini, akafungua kiboksi. Mule chini ya mwanga lililala gamba jeusi linalong'aa, dogo kuliko punje ya sukari. Waya ya kwanza, ya pili, ya tatu. Muuza spika mwenyewe alizima muziki, akaja kuchungulia. Waya ya nne ilipokaa, watu walipiga makofi kama wameona mpira umeingia golini, na hakuna hata mmoja aliyejua wanachoshangilia.

*

Tangu siku hiyo akawa Daktari, na kigoda kikawa cha kwake. Alikuja Jumatano akasema waya zinafaa. Alikuja Ijumaa kusema zinafaa sana. Jumatatu alikuja hana la kusema, akanunua kava la simu ambayo hana.

"Wifi huyo," dada mkubwa akanong'ona, kwa sauti inayosikika mpaka vyooni.

Pumzi alikuwa na miaka arobaini na moja, nusu yake ameiishi ameinama. Chumba chake kilikuwa kwenye jengo la vyumba vya mtu mmoja mmoja, milango kumi na minne kila ghorofa, yote imefungwa. Ndani kitanda, kiti kimoja, kikombe kimoja. Upande wa kushoto jirani anakohoa, upande wa kulia redio inasoma habari. Miaka sita sasa, na hajui jina la mkohozi wala la redio. Hilo lilikuwa halimsumbui, mpaka Daktari alipomweleza kuhusu jiwe.

Walikuwa wamekaa kwenye ngazi za maabara, saa ya mchana, wanakula kwenye kopo moja.

"Kwa hesabu za vitabu, jiwe hili lilipaswa kupitisha umeme," alisema. "Ni tabaka juu ya tabaka kama kurasa, na kila ukurasa una vyumba vidogo, kila chumba kina elektroni moja. Njia ipo. Milango ipo. Lakini hazipatani. Mbili haziwezi kukaa chumba kimoja, zinasukumana. Basi kila moja imejifungia kwake, hakuna inayothubutu kutoka, na jiwe zima limekufa ganzi. Umeme haupiti."

Pumzi akaacha kutafuna. "Hilo ni jengo letu unalolisema."

"Unakaa vibaya hivyo?"

"Nakaa vizuri sana. Kimya. Sasa ukizisukuma?"

"Ukisukuma kidogo, hakuna kitu. Ukiongeza, hakuna kitu. Ukiongeza tena unaanza kujiona mjinga. Halafu volti ikifika mahali fulani," akapiga kidole, "zinatoka. Si moja moja, mpenzi. Zote. Jiwe linageuka chuma pale pale."

Neno "mpenzi" lilikuwa limemponyoka. Wote wawili walilisikia, wakajifanya wanatazama kopo.

"Na kurasa mnazifunguaje?" Pumzi akauliza, kuokoa jahazi.

"Kwa selotepu. Unabandika, unabandua, mpaka ubaki na ukurasa mwembamba."

"Selotepu hii ya kufungia zawadi? Halafu dada yangu ananiambia mimi ndiye mwenye kazi ya kitoto!"

Daktari alicheka mpaka akapaliwa. Kisha akapangusa macho, akasema kwa utaratibu lile alilokuwa amelileta.

Jiwe likishakuwa chuma, hubaki chuma ilimradi uliachie mkondo mdogo sana upite, mdogo hata simu isingeuona. Ukikata, kila elektroni inarudi chumbani na kufunga mlango, tena kwa kishindo, jiwe linajikunja na kupasuka. Yeye alitaka kulishikilia siku thelathini. Hakuna aliyewahi kulishikilia zaidi ya tisa. Likishika, kuna maabara kubwa nchi ya mbali inamngoja, kazi ya miaka miwili, mitambo anayoiota. Lisiposhika, atabaki hapa kufundisha.

"Hongera," Pumzi akasema.

"Bado halijashika."

"Basi hongera ya akiba."

Likawashwa siku ya Jumapili. Kila asubuhi, kabla hajafungua kibanda, Pumzi alipiga simu.

"Limeamkaje?"

"Limeamka chuma. Na wewe umeamkaje?"

"Nimeamka jiwe, sijanywa hata chai."

"Kunywa, mpenzi. Kwa kikombe chako kimoja."

"Nimenunua cha pili."

Daktari akacheka kwenye simu. Kicheko kitamu.

Siku ya tano, ya kumi, ya kumi na saba. Kila siku Daktari alifurahi zaidi, na kila siku Pumzi alifurahi naye kwa mdomo. Akikata simu alikaa akitazama vikombe viwili na kupiga hesabu ambayo hakumwambia mtu. Siku kumi na tatu zimebaki. Kumi na mbili.

*

Siku ya ishirini na tatu alikwenda maabara mchana na kopo la chakula. Daktari alikuwa ameitwa ofisi ya mkuu wa idara.

"Ningoje ndani," alimwambia kwa simu. "Usiguse kitu, naijua mikono yako."

Chumba kilikuwa na baridi na mvumo wa pampu. Mtungi mrefu wa chuma ambamo jiwe lilikaa kwenye ubaridi mkali. Kompyuta ikichora mstari mmoja ulionyooka. Pumzi aliweka kopo chini, akakaa mikono mapajani kama mwanafunzi aliyeonywa.

Akanusa.

Kila fundi wa simu anaijua harufu ile. Plastiki inayoanza kuiva. Akageuka, akaona kile kisanduku cha umeme kinachouletea mtungi mkondo wake. Akasogeza kiganja: moto. Na hapa, msomaji, usimlaumu mapema. Miaka ishirini mtu huyu amefundishwa jambo moja kabla ya mengine yote: kitu kikinuka, chomoa betri kwanza, maswali baadaye. Mkono wa kushoto, ule uliodaka kiboksi bila kuulizwa, ukatoka tena bila kuulizwa.

Ukachomoa.

Mstari kwenye kompyuta ukaanguka kama ndege aliyepigwa jiwe. Ndani ya mtungi kukasikika kitu kidogo sana: tik.

Mlango ukafunguliwa. Daktari, na karatasi mkononi, na tabasamu ambalo bado halijapata habari. Akatazama kompyuta. Akatazama waya mkononi mwa Pumzi.

"Umefanya nini?"

"Kilikuwa kinanuka, nika—"

"Umechomoa."

"Nisikilize—"

"Zimebaki siku saba! Nimekueleza kila kitu, umechomoa!" Sauti ikapanda mpaka ikapasuka, kisha ikashuka, na ilipokuwa chini ndipo ilipotisha. "Hukutaka niondoke. Sema. Ulitaka nibaki."

Angesema hapana. Neno lilikuwa fupi, kuhusu mkono wake lilikuwa kweli, lilikuwa mdomoni. Lakini Pumzi alikuwa anakumbuka jambo. Ule mstari ulipoanguka, kabla ya hofu, kabla ya aibu, kitu ndani yake kiliruka kwa furaha. Kidogo tu, kufumba na kufumbua. Na mtu aliyewahi kuandikiwa barua na mkewe huwa hajui tena kusema uongo kwa yule anayempenda.

Akanyamaza.

"Nimeelewa," Daktari akasema. "Toka."

Akatoka. Kopo la chakula likabaki.

*

Sasa ningekuambia alilia, lakini hakulia. Alichapa kazi. Alitengeneza simu zilizozama majini, zilizokanyagwa na magari, zilizotafunwa na mbwa. Simu za watu ziliita mezani kwake, majina yakijiandika kwenye vioo: Mume Wangu, Mama, Kipenzi, Usipokee. Yake ilikaa kimya kama maji mtungini.

"Mpigie," dada mkubwa alisema wiki ya kwanza.

"Alinifukuza."

"Nami hukufukuza kila siku, mbona upo?"

Wiki ya pili hakusema kitu. Alikuja akafuta vumbi kwenye kigoda kwa kanga yake, akarudi kwenye makava yake. Hilo lilimuuma Pumzi kuliko maneno.

Jioni alipanda ngazi, milango kumi na minne, akaingia kwenye wa kumi na moja. Akachemsha maji ya kikombe kimoja. Kushoto kikohozi, kulia redio. Siku moja kikohozi kilizidi. Pumzi alisimama, akatoka ukumbini, akainua ngumi mbele ya mlango wa jirani. Angesema nini? Habari za miaka sita? Ngumi ikakaa hewani, kifua hakipandi wala hakishuki. Mlango wa redio ukafunguka kidogo, jicho likachungulia, ukafungwa. Akarudi kwake. Akafunga na yeye.

Jiwe, aliwaza. Njia ipo, milango ipo.

*

Wiki ya nne, Alhamisi, mvua ikiwa imewasukuma watu wote ghorofa ya chini, lile gauni la rangi ya haradali lilitokea tena, limelowa mpaka magotini. Daktari hakukaa kwenye kigoda. Alisimama mbele ya meza na karatasi ndefu.

"Fundi."

"Daktari."

Dada mkubwa akaanza kupanga makava yaliyokuwa yamepangwa.

"Kompyuta huandika kila sekunde," Daktari alisema. "Siku ile niliangalia pale mstari ulipoanguka. Niliona mkono wako, nikaacha kusoma. Majuzi ndipo nikasoma ya nyuma. Tazama." Kidole chake kikatua juu ya karatasi. "Dakika tatu kabla hujagusa, mkondo ulishaanza kupanda wenyewe. Kisanduku kilikuwa kinaungua ndani. Nimekifungua, ni cheusi. Ungechelewa dakika moja jiwe lingeyeyuka, mtungi ungeharibika, labda na chumba."

Pumzi aliufuata ule mstari kwa kidole mpaka pale ulipoanguka.

"Nimekuja kuomba radhi," Daktari akasema. "Nilikushutumu bila kukusikiliza, nawe hukujitetea."

"Nilikuwa na sababu ya kutojitetea." Akaweka kibano chini. "Nilichomoa kwa sababu ya harufu. Hilo ni kweli. Lakini mstari ulipoanguka, nilifurahi. Kidogo. Nikasema moyoni, hatakwenda. Basi uliponiuliza, ningekujibu nini?"

Muuza spika, Mungu ambariki, alikuwa amezima muziki tena.

Daktari alikaa kwenye kigoda. Maji yakamchuruzika kutoka kwenye nywele, hakuyafuta.

"Na mimi," akasema.

"Na wewe nini?"

"Na mimi nilifurahi. Niliingia nikaona umechomoa, na kabla ya kitu kingine chochote nikawaza, basi nitabaki. Nikaogopa. Nimefanya kazi hii miaka tisa, halafu nifurahi inavyokufa? Ndiyo maana nilipiga kelele vile. Sikuwa nakupigia wewe peke yako."

Walitazamana. Kisha Pumzi akaanza kucheka, yeye akafuata, kicheko chenye machozi ndani yake, na dada mkubwa akapangusa macho kwa kava la rangi ya waridi.

Daktari akaingiza mkono kwenye mfuko wa gauni, akatoa viboksi viwili. Cha kwanza kilikuwa na jiwe la zamani, limepasuka katikati, kurasa zimefunuka.

"Lilipasuka," alisema, "lakini waya zako hazikutoka. Zote nne. Lichukue."

Cha pili kilikuwa na jipya. "La mwisho nililonalo. Idara imenipa kisanduku kipya na siku arobaini za kujaribu tena. Sina fundi."

Pumzi alielewa anachoombwa. Angeweza kukataa. Angeweza hata, na hili lilimpita kichwani kama mbu, kukosea kidogo tu, gundi iwe nyepesi kwa nukta moja, na hakuna ambaye angejua.

"Unaniomba nikushonee nguo ya safari," akasema.

"Ndiyo, mpenzi. Najua."

Akafuta meza. Akabadilisha kioo. Akaacha kupumua. Haijawahi kufanyika kazi safi kama ile katika jengo lile, na wala haitafanyika.

Siku ya kuliwasha, Daktari alimweka mbele ya kompyuta, akawa anaongeza volti taratibu. Hakuna kitu. Akaongeza. Hakuna kitu.

"Hapa ndipo unapoanza kujiona mjinga?" Pumzi akanong'ona.

"Bado kido—"

Mstari ukaruka. Haukupanda, uliruka, kutoka chini mpaka juu kwa mara moja, ukanyooka huko. Daktari aliushika mkono wa kushoto wa Pumzi, akaubana, na hakuuachia muda mrefu.

Likashika siku thelathini. Likashika na ya thelathini na moja, kwa ubishi tu.

*

Daktari aliondoka asubuhi moja yenye ukungu, na gauni lile lile, na sanduku moja. Hakumwambia amngoje, wala yeye hakuahidi.

"Miaka miwili," alisema.

"Jiwe lako lilikaa ganzi miaka mingapi kabla hujalipata?"

"Mamilioni."

"Basi mimi najiweza."

Akacheka kwenye bega lake, kisha bega likalowa, kisha dereva akapiga honi.

Pumzi alirudi kwenye chumba chake, akaosha vikombe viwili, kimoja kikiwa hakijatumika. Jioni hiyo alitoka ukumbini na kugonga mlango wa kushoto, kabla ngumi haijapata nafasi ya kufikiri. Mkohozi alikuwa mwalimu mstaafu mwenye soksi mbili tofauti. Hawakuwa na mengi ya kusema. Walisema hayo machache.

Na kibandani maisha yakaendelea. Kiboksi cha jiwe lililopasuka kilikaa kando ya hadubini, kigoda kilikaa mahali pake, mtu akitaka kukikalia dada mkubwa alimwambia kimevunjika.

Sasa, huko Daktari alikokwenda, mapumziko yake ya kwanza ya siku huangukia saa ambayo huku ni katikati ya kazi. Siku ya tatu tangu aondoke, Pumzi alikuwa amefungua simu ya mzee mmoja, matumbo yote mezani, chuma cha kuchomelea kinafuka mkononi. Simu yake ikaita.

Dada mkubwa akainua kichwa kutoka kwenye makava. Muuza spika akapunguza sauti.

Ikaita mara ya pili.

"Mwanangu," mzee akasema kwa wasiwasi, "na simu yangu je?"

"Isubiri kidogo, mzee wangu."

Pumzi akarudisha chuma kwenye kishikio chake, akavuta pumzi, akapokea.